Jumatano ya Chuo, Wakatano ya Mwaitu

Mpendwa mdogo wangu Mwende,

Binti yangu anasoma chuo kilekile cha ualimu ulichosomea wewe. Juzi alikuja likizo, akanikuta hapa dukani Makindu nikipima misumari, akaniambia siku hizi mambo yamelegezwa. Ukichelewesha kazi ya muhula unakatwa maksi mbili kwa kila siku, basi. "Hawapeani sifuri ovyo, Baba." Nikaacha kupima.

Unakumbuka wiki tuliyomzika baba kule Kyuso. Mkufunzi wako, mgeni huku kwetu, alikuongezea muda. Sikatai, hapo alifanya utu. Mwenzako mmoja akapitia sokoni, akamwachia mama, Mwaitu wetu, neno: kazi ipelekwe Jumatano. Mwaitu, na Kiswahili chake cha kununulia chumvi, alishika ile tano tu. Kwetu siku zinahesabiwa kuanzia Jumatatu, na ya tano, wakatano, ni Ijumaa. Akaja akakwambia, "Wamesema wakatano."

Ukafurahi. "Basi naandika upya. Ile ya kwanza imemwagikiwa na mafuta ya taa." Ukakaa kando ya zizi, ukiandika huku unafukuza wanambuzi kwa mguu.

Ijumaa asubuhi ulikuwa mlangoni pa mkufunzi. Akacheka mbele ya wenzako. "Mwalimu mzima hajui Jumatano ni lini? Nafasi nilikupa. Ulitaka izae?" Akakuandikia sifuri.

Ungemwambia ni Mwaitu. Ulisema umesahau. Mimi peke yangu ulinieleza, tena kwa sharti: "Mwaitu asijue. Amezika mume, asizike na hili."

Hesabu yenyewe imenikaa kichwani mpaka leo. Mtihani ulikuwa wa sitini, ukapata arobaini na saba. Kazi ile ilikuwa ya arobaini. Kupita ni hamsini. Ulikuwa unatafuta maksi tatu, Mwende. Kwa sheria ya leo, hata angekupa kumi kwa hasira, akate nne za siku mbili, zingebaki sita. Hamsini na tatu. Sifuri ni ya mtu ambaye hakuandika kitu. Wewe uliandika mara mbili.

Karo ya kurudia mwaka haikuwepo. Ukafundisha bila cheti, muhula kwa muhula. Shule ikiletewa mwenye cheti, unaambiwa ufungashe. Ukaenda hivyo hadi kifua kilipokuchukua. Siku ya mazishi watoto walikuwa wakilia "mwalimu, mwalimu", nami nikasimama pale na hasira ambayo sikuwa na pa kuipeleka. Bado ninayo.

Jana nilienda nyumbani nikampa Mwaitu habari za mjukuu wake na hiyo sheria mpya ambayo ingekuokoa. Alikuwa anachambua ndengu. Mkono ukasimama kwenye ungo.

"Sasa Mwende alichelewaje? Si walisema wakatano, na wakatano akafika?"

Miaka yote hii amekuwa akiwalaani watu wa chuo, nami nimewaacha walaaniwe.

"Ndio, Mwaitu," nikasema. "Walisema wakatano."

Akaendelea kuchambua.

Lala, mdogo wangu. Hajajua.

Mimi kaka yako,
wa Makindu