Matanga ya Vampire

Kamembe, mwaka 2001

Yaya Christelle, dada yangu mkubwa,

Nakusalimia kutoka hapa Gihundwe. Batoto bako bazima, na ile sabuni ulituma kutoka Bukavu imefika. Maharagi tu ndiyo mvua imeozesha.

Unakumbuka yule vampire wa filamu tuliyoona kwa Papa Buhendwa? Niliendelesha hadithi yake mimi mwenyewe, mu daftari. Kila siku ya soko nasomea bamama kipande kimoja, nabo bananigombeza: juu ya nini ameacha bibi yake, juu ya nini anakunywa damu ya bamaskini. Wiki iliyopita nilimuchoka. Mu kipande cha siku ile nikamuua, nikamuzika mu shamba letu la Nkungu, kando ya kahawa.

Kesho yake nafungua mlango, nakuta bamama bote mu kiwanja na kuni na unga. Bamekuja matanga. Nilifikiri bananichekelea, lakini hakuna aliyecheka.

"Mutulie," nikasema. "Vampire hafi kabisa. Kipande kinachokuja atafufuka."

Maman Béata akanishika mkono. Unajua kijana wake Valens alibaki mu pori ya Congo wakati wa vita, mpaka leo hakuna anayejua alianguka wapi.

"Usimufufue," akasema. "Huyu tunajua fasi analala. Siku ya Mungu, kisha misa, utatupeleka, tumuwekee maua."

Nilitaka kumuambia ni hadithi tu. Mdomo ukasema ndiyo.

Leo nimeazima jembe, naenda Nkungu, kando ya kahawa.

Mdogo wako,
Umuhire