Kabuti chini ya mabati

Likasi, Alhamisi asubuhi, mwezi wa saba

Basi, kazi ya paa imekwisha, na mimi sihisi chochote.

Nyumba yetu haina plafon, yaani dari. Kila msimu wa baridi mvuke wa pumzi zetu hugeuka maji chini ya mabati na kudondoka kitandani, upande wa mume wangu. Tangu afariki naweka beseni pale.

Mwezi uliopita Shemeji Kazadi, mdogo wake, alibana magunia ya nyasi kavu moja kwa moja kwenye mabati. Nyasi zikalowa, zikaoza. Jana aliyang'oa yote, akapigilia fito kwanza ili hewa ipite, kisha akatia magunia ya nguo kuukuu.

"Kunabakia fasi moya juu ya kitanda, shemeji. Uko na kintu ya kutia?"

Nikampa kabuti la marehemu la kazini. Akasita. Nguo za marehemu haziguswi kabla ya familia kuondoa matanga, na hiyo ni Jumamosi.

"Bakubwa batauliza."

"Baniulize minye."

Akalitia bila kunitazama. Jumamosi watapiga kelele, najua.

Alfajiri hii halikudondoka hata tone. Beseni liko kavu upande wake wa kitanda. Sijaliondoa.