Vizibo Vitano na Ngoma Iliyoibwa

Mkuyuni, Mwanza
Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua ukifika hapa unaitikia "Marahaba!" kwa sauti ya kuitia ng'ombe, na Mama anachungulia kutoka jikoni kuona ni mgeni gani ameingia. Mwambie ni mimi, Skola wenu, nimeingia kwa karatasi. Kutoka huku hadi Mbinga ni mbali, lakini bahasha haichoki kiuno kama mimi.

Habari za nyumbani? Kahawa imeisha kuchumwa? Mgongo wa Mama unaendeleaje? Na yule mbuzi mwenye kiburi, bado anakula nguo zilizoanikwa?

Mimi sijambo kabisa. Nimenenepa, lawama wapewe samaki sato wa huku. Kazi ni ileile ya duka la steshenari: kutoa kopi, kuchapa barua za watu wanaoomba kazi, kuwatilia vyeti vyao plastiki. Nyumba ni ileile ya Mama Kabula, mjane wa Kisukuma mwenye umri wako, aliyejenga katikati ya mawe mpaka jiwe moja limekuwa ukuta wa jiko. Kila nikirudi ananiuliza nimekula nini, na nikitaja anasema hicho si chakula.

Barua zangu za miaka hii mitatu zimekuwa fupi, Baba, na sababu tunaijua wote wawili. Leo itakuwa ndefu. Vaa miwani.

Mwaka jana alikuja dukani kijana wa chuo, anaitwa Deo, akataka nimchapie kurasa themanini za Kiingereza. Mashine yetu ikipata moto lazima ipumzike, kwa hiyo nikawa nasoma huku tunasubiri. Nikamuuliza, "Kaka, hii ni dini gani?" Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia ni mchezo. Watu wanakaa mezani, hakuna ubao wala kete. Mmoja anasimulia: mko njiani, mvua inanyesha, mbele kuna mto umefurika, mnafanya nini? Kila mchezaji ana mtu wake ndani ya hadithi, na anajibu mtu huyo anafanya nini. Likiwa jambo gumu, inarushwa dadu kuona kama amefanikiwa. Msimulizi anapokea jibu na kulisogeza mbele. Yeye mwenyewe hajui mwisho.

Nikaenda mara moja kuona, nikaenda tena, nikawa wa kila Jumapili. Tulikuwa mimi, Zuhura, ambaye ni fundi cherehani wa chumba cha pili kutoka duka letu, na Shija, anayechomelea mageti kule Igoma. Mtu wangu alikuwa mganga wa mifugo mwenye mdomo mchafu. Baba, usingenitambua. Nilikuwa natukana majambazi mpaka Zuhura anaziba masikio.

Kisha Deo akapata kazi Geita. Siku ya kuaga akanikabidhi faili lote. "Sasa wewe ndiye gemu masta," akasema, yaani msimulizi. Nikamrudishia. Akaniachia mezani akaondoka.

Hapo niseme kitu ambacho sijawahi kukwambia. Uliambiwa na chuo cha ualimu kwamba nilitoka darasani siku ya mazoezi ya kufundisha na sikurudi. Ni kweli. Ilikuwa darasa la nne, somo la sayansi, chaki mkononi. Mtoto mmoja wa mbele alinyoosha mkono akauliza kitu ambacho hakikuwa kwenye andalio langu la somo. Nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Wale watoto hawakucheka. Walinisubiri, na kule kunisubiri ndiko kulikonishinda. Nilipofika nyumbani ulisema neno moja tu: "Mwalimu haogopi watoto." Kesho yake nikapanda basi la kwenda mbali kuliko yote niliyoyajua, wala sikukuaga vizuri. Nilikukosea, Baba. Tangu siku hiyo sikuwahi kusimama mbele ya watu wakinisikiliza, hata kwenye jumuiya nikiambiwa niongoze sala naanza kukohoa.

Basi utaelewa faili lile lilivyonitisha. Lilikaa wiki tatu chini ya godoro. Aliyelitoa ni Mama Kabula, akifagia bila kualikwa kama kawaida yake. "Haya makaratasi umeyasoma wewe," akasema. "Nani mwingine atayasema? Leta wenzako. Meza yangu ni kubwa. Na mimi nitacheza, siwezi kukaa jikoni watu wakifurahi sebuleni kwangu."

Nikajiandaa kurasa kumi na moja. Cheka tu: nilizipiga mistari kama andalio la somo. Muda, hatua, kazi ya msimulizi, kazi ya wachezaji. Dakika tano, utangulizi. Dakika kumi, fisi anatokea. Hadithi yenyewe ilikuwa hivi: ngoma ya kijiji imeibwa, na kijiji kisicho na ngoma hakiwezi kuitana. Aliyeiba ni fisi anayeishi kwenye mawe ya juu kule Mkolani, na fisi huyo anasema kama mtu.

Jumapili ikafika. Nikatoa dadu mbili za ludo. Mama Kabula akasimama. "Kamari? Ndani ya nyumba yangu? Mimi mwanakwaya?" Tukamweleza hakuna fedha, hakuelewa wala hakutaka kuelewa. Mwishowe Shija akaokota vizibo vitano vya soda nje ya duka la jirani, akavipiga mswaki. Unavirusha mezani, vikilala chali vitatu au zaidi, umefanikiwa. Vikipungua, umeshindwa. Mama Kabula akasema vizibo havina dhambi. Tukaanza.

Nikasoma utangulizi. Nikafika kwenye fisi. Kabla sijamaliza sentensi, Mama Kabula akasema, "Nimemuua."

Baba, hapo faili linasema msimulizi aseme: bado, rusha kwanza. Lakini mimi ni mtoto wako. Nitamwambiaje mtu mzima, mwenye nyumba, aliyenipikia ugali nikiwa na homa, kwamba hajamuua? Nikasema, "Ndiyo, Mama. Amekufa."

"Na ngoma nimeichukua."

"Ndiyo, Mama."

"Nimeipeleka kanisani."

"Sawa, Mama."

Akapiga makofi, akaenda kutazama chai. Ilikuwa haijachemka. Kurasa kumi na moja zimekwisha na chai haijachemka. Zuhura akaniangalia. "Sasa?"

Nikafungua mdomo. Ikawa vilevile kama darasa la nne. Wakanisubiri, nami nikainuka nikatoka nje nikakaa kwenye jiwe. Shija akanifuata. "Sista, umezingua. Unamwogopa bi mkubwa." Nikamwambia ni heshima. "Heshima gani ya kummalizia mtu mchezo?"

Nikaamua kumrudishia Deo faili lake kwa basi. Ndipo alipotoka Mama Kabula mwenyewe na kikombe, akaketi pembeni yangu akihema.

"Mwanangu, kwa nini umeniachia?"

Nikasema yeye ni mama, siwezi kumpinga.

"Unaona," akasema, "watoto wangu wote wananikubalia. Kwenye simu ndiyo mama, sawa mama, wakikata wanafanya yao. Kanisani wananikubalia. Sokoni wananiita bibi, wananifungia nyanya hata sijabishana bei. Nilikuja pale mezani nibishiwe. Nikamuua yule fisi nikadhani utasema hajafa. Hukusema." Akaninyooshea kikombe. "Kunywa. Imezidi sukari, lakini kunywa."

Sikulala vizuri wiki ile. Nilitaka kumbishia, lakini mdomo wangu haujui neno "umeshindwa" mbele ya mkubwa. Ijumaa, nikiwa natoa kopi, nikakukumbuka wewe. Nilikukumbuka na kapu la mahindi ya kupukuchua, sisi tumekuzunguka, Bibi akiwa bado hai kwenye kigoda chake. Ulikuwa unatega kitendawili, tunahangaika, Bibi naye anahangaika, na Bibi ni mama yako mzazi. Hata siku moja hukumwambia ameshindwa. Ulimnyooshea mkono ukasema, "Mama, nipe mji." Akakupa Songea. Ukasema Songea ulishakula ukashiba. Akakupa Peremiho, ukasema humo una jamaa wengi mno. Mpaka akupe mji unaoutaka, naye anacheka hana jino. Halafu unauendea mji huo kwa maneno, unakula, unakunywa, unarudi na jibu. Aliyeshindwa ndiye aliyekuwa na miji ya kugawa.

Nikaacha mashine inakopi karatasi tupu. Nilizikuta arobaini.

Jumapili iliyofuata sikuandika andalio. Nikasema, "Mama, yule fisi alijifanya amekufa. Yuko juu ya jiwe na ngoma anaikalia. Unafanya nini?" Macho yakamng'aa. Akasema anamtupia mkuki. Akarusha vizibo. Kimoja tu ndicho kilicholala chali.

Nikamnyooshea mkono.

"Mama, nipe mji."

Alinitazama, uso ukafunguka kama wa msichana. "Hee! Nakupa Magu."

"Magu nimetoka juzi, sina njaa nayo."

"Basi nakupa Mwanza, na mawe yake yote!"

"Hiyo naichukua. Nimekwenda Mwanza, nimepanda jiwe kwa jiwe, wamenipa sato na michembe ya viazi, nimekula, nimenawa. Nikarudi nikakuta mkuki wako umegonga mwamba, na kila jiwe la mji limeitika. Sasa fisi wote wa Mwanza wanajua jina lako, Mama. Wanakuja."

Zuhura akapiga kelele. Shija akaruka kutoka kwenye kiti akisema anafunga geti, geti gani wakati tuko porini. Mama Kabula alicheka akajifuta machozi na kanga, akasema, "Huyu mtoto mbaya! Huyu mtoto mbaya sana!" Sijawahi kusifiwa hivyo. Nilisimulia mpaka chai ikachemka, ikanyweka, ikachemshwa tena, na sauti haikuniacha. Kuna wakati Zuhura aliniuliza jambo nisilolijua hata kidogo, na nikamjibu, "Sijui. Twende tukaone." Ningelimjibu hivyo yule mtoto wa darasa la nne, pengine leo ningekuwa mwalimu. Simwazii tena kwa aibu. Namwazia kwa huruma, na mimi pia najihurumia.

Bado naogopa, Baba, nisikudanganye. Kila Jumapili kabla hawajafika naenda chooni mara mbili. Lakini wakifika nakaa kwenye kiti changu na naanza. Wiki ijayo Mama Kabula anamleta rafiki yake wa kwaya, na ameshamwonya aje na miji ya kutosha.

Sasa lililonifanya niandike kirefu. Mdogo wangu Fausta aliniambia kwenye simu kwamba tangu masikio yako yachoke hukai tena na wenzako barazani kwa katekista. Kwamba unasema mazungumzo yamekupita, na kwamba mwezi mzima hujatega kitendawili hata kimoja. Nililia, nikamwambia asiniambie tena, kisha nikampigia tena aniambie yote. Nina hamu nawe sana, Baba. Nina hamu hata ya kugombezwa nawe.

Huu mchezo hauhitaji masikio. Wewe una macho na mwandiko mzuri kuliko wote wilayani. Kwa hiyo nimeongeza kiti chako, utacheza kwa barua. Wenzangu wamekubali, Mama Kabula amesema kama ndiye uliyenifundisha kudai miji, basi una kesi ya kujibu. Ndani ya bahasha utakuta vizibo vitano. Ni vya Shija, vimesafishwa. Ukirusha, Mama ashuhudie, maana nakujua.

Nisalimie Mama yangu, mwambie zile kanga zimefika na moja Zuhura anaimezea mate. Mdogo wangu Fausta asome kwa bidii na aache kuniomba simu mpya. Shangazi wa Litembo mpe shikamoo yangu na umwambie sijaolewa, asiulize. Katekista naye msalimie, na umrudie barazani hata kama humsikii, mkiri tu wote wawili kwamba yeye hasemagi jipya.

Haya, Baba. Weka miwani vizuri. Ni alasiri, uko juu ya mawe ya Mkolani. Mbele yako kuna pango, na mlango wake ni mwembamba, unapitisha mtu mmoja. Umefuatana na mama mmoja mwenye mkuki, mshonaji, na mchomeleaji mageti. Wamesimama, wametega masikio, wanatikisa vichwa. Hakuna anayesikia kitu. Wewe peke yako unaisikia. Ni ngoma, iko ndani kabisa, inapigwa polepole, inaita nyumbani.

Unafanya nini?

Mwanao akupendaye,
Skola