Si Jina la Babu

Mdogo wangu Wambui,

Hamjambo hapo Gatitu? Magoti ya mama yamepata nafuu, au baridi ya Julai bado inayasumbua? Mimi ni mzima. Kazi hapa Leeds ni ile ile ya kutunza wazee, na wao huniita Jiru kwa sababu jina zima linawashinda.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Unakumbuka kaka yetu Ndirangu alipoanza kumimina chai nje ya kikombe? Ulimwambia, "Wee, umelewa na bado ni asubuhi?" Akajibu, "Kikombe ndicho kimelewa." Tulicheka sana. Kumbe jicho lilikuwa linaharibika, na baadaye ubongo. Tulipomzika, shangazi alisema ugonjwa ulimfuata kwa kuwa alipewa jina la babu, aliyekufa vivyo hivyo. Ati asiye na jina hilo yuko salama. Nasi tukaamini.

Majibu ya damu ya Ndirangu, yale yaliyotoka baada ya mazishi, niliyapeleka kwa daktari wa huku. Alinieleza kwamba ni kasoro katika jeni moja tu, na inadhoofisha mishipa midogo ya damu ya macho na ubongo. Babu alimrithisha baba, ila baba alikufa kwa ajali akiwa kijana, kabla haijaonekana. Baba naye angeweza kumrithisha yeyote kati yetu watatu, nusu kwa nusu kwa kila mtoto. Jina halihusiki.

Nikapimwa. Sina. Nilifurahi mpaka nilipofika kituo cha basi, kisha nikakufikiria wewe. Una jina la nyanya mzaa mama, na kila mara unasema vile vidoa vyeusi unavyoviona ni uchovu wa cherehani.

Dawa ya kuiondoa haijapatikana, sikudanganyi. Lakini ikijulikana mapema watakuangalia macho na presha, na hawatakutibu kimakosa ugonjwa mwingine usio wako, kama walivyomtibu Ndirangu. Nakala ya majibu yake iko kwenye bahasha hii. Nenda nayo hospitali.

Msalimie mama, umwambie hakukosea kutupa majina aliyotupa. Msalimie mume wako, shemeji Kariuki. Shangazi pia, alikuwa anatafuta sababu tu, kama sisi sote.

Ukiogopa, ogopa, lakini uende. Nimeomba likizo ya wiki mbili. Niambie siku utakayopewa na daktari, nije niketi kando yako.

Dada yako,
Wanjiru