Neno Ambalo Hukulisema

Mama,

Jana mtu alinisifu kwamba nina roho nzuri kukupita wewe, nami nikanyamaza. Ndiyo sababu nakuandikia. Kaburini nimekuja mara mbili mwaka huu, na mara zote mbili niling'oa majani nikaondoka bila kusema kitu.

Acha nianze na habari za mtaa, maana wewe habari ulizipenda kuliko chai. Rwambuzi imejaa, Mama. Pale kwenye mihogo ya jirani wa juu sasa kuna nyumba nne za bati, na watu wanaokimbia vita Djugu bado wanakuja na magodoro kichwani. Kila mwenye uwezo kidogo anazungusha ukuta. Ua wa miti umebaki kwa wazee. Nami nikatamani ukuta.

Unaikumbuka njia iliyokata kiwanja chetu, kati ya jiko na choo, ya kushukia chemchemi. Wanawake walipita na bidoni zao za maji asubuhi na jioni, wakakusalimu, wakakuachia habari, wengine wakakuachia na mboga ya lengalenga ya kupika. Nikilalamika kwamba wanahesabu hadi sufuria zetu, ulisema, "Wacha wapite. Njia haiishake juu watu wanapita." Yaani njia haimalizwi na miguu. Mimi niliona haya. Wageni wa mume wangu wameketi sebuleni, na mtu anapita mlangoni na bidoni mgongoni, kamba ya kubebea kwenye paji la uso, maji yanamdondoka, anawasalimu wote mmoja mmoja kama askofu.

Miezi mitatu baada ya kukuzika, nikaita fundi. Ukuta wa matofali ya kuchoma, mlango wa bati, kufuli. Kesho yake akaja shefu wa avenue, mkuu wa mtaa wetu, na wanawake wanne, Mama Vumilia, yule mkimbizi uliyempokea, akiwa wa nyuma kabisa. Hawakuja kwa ugomvi. Waliomba tu niwaachie kimlango cha kupita. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, kwamba kiwanja ni chetu, kwamba wezi wamezidi, na pale mbele yao nikaona yote hayana nguvu. Nikasema, "Mama njo alisema tufunge. Ilikuwa neno lake la mwisho."

Shefu akavua kofia. Nani hapa kwetu atabishana na neno la mwisho la marehemu? "Kama yeye njo alisema," akajibu, "siye tutasema nini?" Wakaenda zao. Nilifurahi, Mama. Wiki nzima nilijiona mjanja.

Wewe unajua kwamba hukusema hivyo. Mimi sijui hata ulisema nini. Ulipokata roho pale hospitali, nilikuwa nje nikitafuta chai, kisha nikakutana na mwenzangu wa shule, tukasimama kuchekacheka. Niliporudi walikuwa wamekwisha kukufunika. Hayo sijamwambia mtu, wala mume wangu. Neno lako sikulisikia, kisha nikakutungia langu. Asiyekuwapo na lake halipo, wanasema, na mimi mwanao ndiye niliyekufanyia hivyo.

Mama Vumilia akawa anazunguka kwenda chemchemi. Alipita barabara ya chini, kwenye matope, ambako pikipiki zilimrushia maji machafu, naye miguu yake unaijua. Miezi yote hiyo nilimwona kwa mbali nikajifanya natafuta kitu ndani ya mkoba. Jumanne iliyopita akaja mwenyewe hadi mlango wa bati. Alikuwa amebeba kuni. Akasema ni za kupikia siku ya kumaliza matanga yako, mwaka ukitimia. Nikamkaribisha aingie, akakataa, akatua mzigo nje. Halafu akaniuliza, taratibu, "Mutoto wangu, nilimukosea nini mama yako? Alinipokea nikiwa sina ata kitenge ya kujifunika. Tulilala chumba moja. Kama alinichoka, si angeniambia miye mwenyewe?"

Miezi tisa mizima, Mama, huyo mwanamke amekuwa akijichunguza alikosa nini. Anadhani uliagiza njia ifungwe kwa sababu yake na wakimbizi wenzake. Alikulilia, na huku anaamini ulikufa ukimkataa. Na mimi nilimjibu nini? Nilisema, "Sijui, Mama." Nikabeba kuni nikaingia ndani.

Jumatano nikamwita fundi yuleyule, akabomoa ukuta hatua mbili, pale njia inapoingia na pale inapotokea. Alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Nilidhani nimemaliza. Jana asubuhi wakaanza kupita, na mke wa shefu akanishika mkono mbele ya wenzake, akasema, "Mungu akubariki. Weye uko na roho muzuri kupita mama yako." Wakaitikia. Mama Vumilia alikuwa nyuma yao. Zamani mtu akigusa jina lako yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwaka. Jana aliinamisha kichwa tu, akashuka chemchemini.

Nimekuibia jina, Mama. Ukuta ulikuwa matofali tu. Kwa kuubomoa nimezidi kukuchafua, kwa sababu sasa wewe ndiye mama mbaya na mimi ndiye mtoto mwema.

Kesho tunamaliza matanga. Watu wa kanisa watakuja, Baba Mdogo anatoka Aru, na kwa desturi mimi ndiye nitakayesimama kusema ulituachia maneno gani. Naogopa. Baba Mdogo ana hasira, unamjua. Mume wangu atatazama chini. Kuna watu hawatanisadiki tena nikisema hata jua limechomoza. Nimefikiri kujifanya mgonjwa, nimefikiri kumwachia mwingine maneno. Nimeona aibu hata kwa kufikiri hivyo.

Nakuahidi hili. Alfajiri, kabla sijawasha moto wa kumpikia mtu yeyote, nitaenda kwa Mama Vumilia peke yangu, aujue ukweli kabla ya wengine. Nitampigia magoti, hata asiponijibu. Kisha mchana nitasimama mbele ya wote, kabla ya chakula, kabla ya nyimbo, niwaambie kwamba hukufunga njia, hukumkataa mtu, nilisema uongo nikauweka mdomoni mwako.

Pumzika, Mama wangu. Usinisamehe haraka. Na wakiniuliza neno lako la mwisho lilikuwa lipi basi, nitawaambia silijui, kwa sababu sikuwa karibu nawe.

Binti yako,
Furaha