Marigodi za Kando ya Geti

Chepkosgei,

Chai iko kwa thamosi. Mwagilia yale maua mawili ya zinia yaliyobaki. Nimeenda Kapsoit kutafuta miche, ingawa ya kuchanua kabla wageni wa posa yako hawajafika Jumamosi sijui nitaitoa wapi.

Nilichagua maua ya marigodi kwa sababu hili jua la Januari liliniunguzia begonia zote mwaka jana. Hizi marigodi zilikuwa zimeanza kuchanua. Leo asubuhi baba yako amezing'oa zote. Zinanuka kama lile gugu ambalo ng'ombe akilila, maziwa yananuka.

~~Mwambie ukweli~~ Usimwambie kitu. Mimi mwenyewe nimeshindwa. Alikuwa anatoka jasho, anacheka, akaniambia, "Nimekusafishia, Mama Chepkosgei. Sasa panda maua yako."

Mama