Chumba Chako cha Damu ya Mzee

Kwa Bibi,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
9 Agosti

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Ni mimi Kobe, mtoto wa dada yako mdogo, yule uliyempa jina hilo kwa sababu wageni wakija navuta kichwa ndani. Sasa nina miaka kumi na sita na kichwa bado kiko ndani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kazi haikuchoshi, na baridi ya huko umeshaizoea. Sisi tunapumua. Ningependa kuandika kwamba hatujambo, lakini nimeapa barua hii isiwe na uongo.

Simu zetu hupokei, ndiyo maana naandika. Mwalimu wangu wa hesabu anasafiri kesho kuja huko, na ameahidi kukupa mkononi.

Bibi alianguka kwenye ngazi mwezi wa tano. Nyonga ilipona nusu. Daktari amemkataza kupanda ngazi, lakini choo na bafu viko juu, wewe unajua. Mama humbeba mgongoni. Ili asitusumbue, Bibi ameacha kunywa maji mchana. Ukimpa kikombe anasema ameshakunywa, na huku midomo imempasuka. Wiki iliyopita alizimia. Daktari akasema ni kiu. Mjomba, mtu mzima anazimia kwa kiu ndani ya nyumba yenye mabomba manne.

Kwa hiyo nyumba inauzwa. Mama Mkubwa amepata nyumba ndogo isiyo na ngazi karibu na kwake, na mwenye nyumba amekubali kutusubiri hadi mwisho wa mwezi huu, si zaidi.

Dalali wetu si mtu mbaya, ila mdomo wake hauna breki. "Mama, hii si nyumba, ni kopo la peremende," alimwambia Bibi. "Huku njano, huku kijani, huku sijui niseme nini. Mnunuzi anataka kuona kuta, hataki kuona tabia za watoto wako. Pakeni rangi ya maziwa, kote."

Unaijua sheria ya Bibi: mtoto akifikisha miaka kumi na minne anachagua rangi ya chumba chake, na haiguswi bila ruhusa yake. Mama akaruhusu. Mama Mkubwa akaruhusu kwa simu, huku akicheka. Fundi wa rangi, yule yule aliyewapakia nyinyi nyote, akaimaliza nyumba kwa siku nne. Kikabaki chako, na rangi yako nyekundu ya damu ya mzee, kuta nne pamoja na dari. Mnunuzi wa tatu alikuja na mkewe. Mke alipenda kila kitu mpaka alipofunguliwa mlango huo. Akauliza, "Hapa mlikuwa mnachinjia nini?" Hawakurudi.

Tulimsihi Bibi. Akasema, "Mwenye chumba yu hai. Aseme mwenyewe."

Sasa naungama. Bibi alipolazwa siku mbili kwa ile kiu, nilichukua ufunguo chini ya mto wake, nikachukua na rangi iliyobaki, nikapaka chumba chako peke yangu. Maelezo ya kopo yapo kwa lugha ile tunayosomea shuleni, na niliyaelewa neno kwa neno: juu ya rangi nzito, tanguliza rangi ya kuzuia ile ya chini isipenye. Nilifika hadi dukani. Wateja walikuwa wengi, mimi nimesimama tu, muuza rangi akasema, "Huyu ametumwa rangi au ametumwa kunyamaza?" Watu wakacheka. Nikageuka, nikarudi mikono mitupu. Nikajiambia nikipaka mara tatu itatosha.

Haikutosha. Ile nyekundu inapenya kila ikikauka. Chumba chako sasa kina rangi ya ufizi.

Nilimkimbilia fundi. Alichungulia, akashika kiuno, hakuingia. "Hii nitaiponya kwa siku mbili," akasema. "Lakini bibi yako nimemheshimu miaka thelathini, Kobe. Bila neno la mjomba wako, brashi yangu haivuki kizingiti."

Jumamosi ya tarehe 23 anakuja mnunuzi wa nne, na baada yake hakuna mwingine. Bibi amesema atabebwa juu aufungue mlango wako mwenyewe, mbele ya watu. Kila akipitishwa hapo, akiwa mgongoni kwa Mama, hunyoosha mkono akaugusa. Juzi aliuliza hiyo harufu ni ya nini. Nilisema ni ya ukumbini.

Najua wewe na Bibi mliachana vibaya baada ya kumzika Babu. Nilikuwa na miaka tisa, nyuma ya pazia, nikasikia akikuambia ukitoka usirudi. Lakini wewe hukusikia ya baadaye. Ulipofunga geti alikaa kwenye ngazi mpaka chai ikapoa, kisha akaniuliza kama umebeba sweta. Sikumjibu. Sikujua.

Siulizi nani alikosea. Naomba upige simu kabla ya Jumatano tarehe 20, fundi apate siku zake. Hulazimiki kusema mengi. Taja rangi tu. Ukisema maziwa, nitakushukuru maisha yangu yote. Ukisema nyeusi, tutapaka nyeusi, na dalali atajijua. Habari ya ufunguo nitamwambia Bibi mwenyewe, nikishasikia simu imelia. Na akikuuliza kama umekula, tafadhali mjibu.

Mama anakusalimu, ingawa mgongo unamuuma. Mama Mkubwa naye anakusalimu, na wanawe wote. Fundi anakusalimu. Bibi hajui kwamba naandika, kwa hiyo salamu zake sina. Zifuate mwenyewe kwake.

Mungu akulinde huko uliko, alainishe na moyo wako.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda na kukungoja,

Kobe